Isale Kwenye Kofia

Jumatatu, 6 Juni 1955

Ajabu ya mwaka! Serikali sasa itauliza wananchi kabla ya kuamua. Nimepiga taipu tangazo la Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, kwa mkono wangu. Jambo lenyewe: mfereji wetu wa mlimani ugeuzwe uende shamba la mzungu kule chini. Wananchi watachagua — Julai au Agosti.

Nikauliza, na wasiotaka kabisa? Akasema hilo halimo kwenye karatasi. Hakukasirika hata kidogo. Ni mpole mno. Upole huo ndio unaoniudhi.

Jumatano, 8 Juni

Kahawa ya Mama, migomba yake, ng'ombe wake wawili — vyote vinaishi kwa mfereji ule. Jioni ameniuliza kama nina habari za bomani. Nikasema sijui. Nikaendelea kula ndizi zake. Mwoga!

Ijumaa, 10 Juni

Baraza. Nilikaa pembeni na daftari. Watu zaidi ya mia mbili, kila mmoja na jani la isale mkononi, Mama mstari wa mbele. Hata mtoto wa Meru anajua: mwenye isale anaomba, na ukishalipokea huwezi tena kukataa.

Mzee Sadoki akasimama. "Shikamooni wakubwa. Sisi tusiotaka, mwezi wetu ni upi?" Watu wakacheka. Mkalimani, Bwana Aminiel, akamweleza Bwana Shauri kwamba mzee anauliza tarehe. Na majani? Eti ni mapambo ya kumkaribisha.

Mapambo!

Mama akasogea, akamnyooshea lake kwa mikono miwili. Bwana Shauri akatabasamu, akalipokea. Akalichomeka kwenye kofia! "Basi, Julai?" Hakuna aliyemsikia. Vigelegele vilikuwa vimeshapasua anga.

Wote wamerudi nyumbani na furaha. Yeye na Julai yake, wao na mfereji wao.

Jumamosi, 11 Juni

Mama anaimba tangu alfajiri. "Amepokea, Tabitha! Wewe ulishuhudia." Nilishuhudia.

Jumatatu, 13 Juni

Naandika hapa ofisini, daftari hili ndani ya droo. Ripoti ya baraza iko kwenye mashine. Nilipaswa kuandika: wananchi wamekubali Julai. Nimeandika: "Bwana Shauri alipokea isale mbele ya watu wote."

Ameisoma. Kofia kwapani, jani limeanza kunyauka. Anauliza, isale ni nini? Nimemwomba dakika moja nitafute neno. Neno ninalo. Amevuta kiti, amekaa — na kalamu yake ya sahihi tayari iko juu ya karatasi.