Vumbi la Ngozi Ndani ya Kiyoyozi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika. Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba. Mimi ni mama wa watoto wawili, wote watu wazima, shule sikukaa sana, kwa hiyo nikiruka huku na kule nivumilie. Jambo lenyewe ni kiyoyozi, na najua utacheka, mtu mzima anaandikia gazeti kwa sababu ya kiyoyozi, lakini soma mpaka mwisho ndipo ucheke.

Marehemu baba watoto wangu alikuwa fundi viatu, wateja walimwita Fundi Soli mpaka hata ndugu zake wakazoea hivyo hivyo. Kiyoyozi alikinunua kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa, kimeshatumika, akaja nacho amekikumbatia kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, jasho linamtoka, hataki mtu amsaidie. Kilikuwa kimoja tu, tukakifunga chumbani kwetu, na miezi ya joto ikifika wote tunahamia humo, watoto na magodoro yao sakafuni, na huyu kijana wangu, ambaye miguu yake ilianza kurefuka akiwa bado mdogo na mpaka leo tunamwita Mrefu, alikuwa analala kichwa ndani miguu nje ya mlango, asubuhi anatuambia juu kumelala baridi chini kumelala joto. Siwezi kukueleza, mshauri, raha tuliyokuwa nayo katika chumba kile, tumebanana, tunacheka, mpaka mtu wa mwisho alale.

Fundi wa kukisafisha hatukuwahi kumwita. Mume wangu alikuwa anasema mtu anayeweza kufumua kiatu na kukirudisha hawezi kushindwa na sanduku la upepo. Siku ya kusafisha anazima swichi kubwa ya ukutani, anabandika utepe juu yake asije mtu akaiwasha, halafu anachukua koti langu la mvua, lile nililokuja nalo siku ya kwanza nilipoolewa, analitundika chini ya mashine limepinduliwa, mkono mmoja amefunga fundo, mkono mwingine unaning'inia mpaka kwenye ndoo. Maji anayopulizia juu yanaingia kwenye koti, yanateremka kwenye mkono, yanamwagikia ndooni, kitandani halianguki hata tone. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika huo mkono wa koti usitoke kwenye ndoo. Ananiuliza kutoka juu, "Bosi wa chini, uko tayari?" Na mimi namjibu, "Bosi wa juu, mwaga." Watoto wamechuchumaa kuizunguka ndoo wanabishana maji yatatoka rangi gani, ya chai au ya kahawa, na binti yangu siku zote alikuwa anasema kahawa na anashinda, mpaka siku moja yakatoka meupe akalia sana, akasema baba amekisafisha kwa siri ili yeye ashindwe.

Halafu miguu ya mume wangu ikaanza kuvimba, kibandani hawezi tena kwenda, kazi ikahamia nyumbani. Alikuwa anakaa pembeni ya kitanda, penye ubaridi, anakwangua ngozi, anasugua soli, na lile vumbi la kahawia linapaa chumba kizima. Nililalamika, mshauri, mashuka yangu kila siku ni kama yamenyunyiziwa unga. Akaniambia, "Mama Mrefu, hilo ni vumbi la chakula chetu." Nikaenda kuyakung'uta nje. Na kweli tulikula kwa hilo vumbi mpaka alipotutoka.

Tangu hapo hakuna aliyekifungua kile kiyoyozi. Misimu ya joto imepita, kinawaka kinazima, sasa kinatoa harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni na kinalia machozi ukutani. Mimi nimekizoea.

Sasa binti yangu amejifungua mtoto kabla ya wakati wake, mjukuu wangu wa kwanza, kifua chake chepesi, daktari amewaambia asikae penye vumbi wala penye ukungu. Yeye na mumewe wanaishi chumba cha juu kabisa, bati liko hapo hapo, mchana ni tanuri, kwa hiyo tulikubaliana aje akae kwangu mpaka mtoto apate nguvu, alale kwenye kile chumba. Akanipigia simu akaniuliza kama kiyoyozi kimesafishwa. Nikamwambia kimesafishwa.

Mshauri, asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepanda kweli, nimefungua kile kifuniko cha mbele, nimevuta chujio. Lilikuwa limeziba kabisa, vumbi la kahawia limeshikana kama blanketi, na nilipolisogeza karibu na uso likanipiga ile harufu ya ngozi na gundi, ilikuwa ni yeye, kama vile amegeukia tu upande wa pili wa kitanda. Nikakaa nimelipakata mapajani. Sikuliosha. Nililirudisha vile vile, nikafunga, nikachukua kitambaa nikafuta uso wa mashine mpaka ukang'aa, nikapulizia marashi kwenye mdomo wake. Kwa hiyo binti yangu aliponiuliza nilijiambia moyoni kwamba nimesafisha, si nimesafisha kinachoonekana.

Mrefu hakudanganyika. Aliingia akanusa, akasema, "Mama, hapa umeweka marashi juu ya uozo." Anataka kuking'oa aweke kipya, ameshaongea na watu wa dukani. Nikamwambia akikigusa hicho kiyoyozi asinihesabu mimi kuwa mama yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka mjukuu akohoe kwa ajili ya sanduku. Tangu siku hiyo anakuja ananisalimia anaondoka, hata chai hanywi, na mimi nimenuna na yeye amenuna.

Ijumaa binti yangu anakuja. Ana furaha, anasema anamwambia mtoto kwamba wanakwenda kulala kwenye baridi ya babu. Kila akisema hivyo natamani simu ikatike. Kumwita fundi siwezi, naona ni kama kumpa mtu baki shati la mwisho la mume wangu alifue. Kusafisha mwenyewe sijui, maana miaka yote mimi nilikuwa chini nimeshika mkono wa koti, mikono yake huko juu ilikuwa inafanya nini sikuwahi kuona. Na nikisafisha ikawezekana, ile harufu nitaipata wapi tena? Nifanye nini, na huyu binti yangu nimwambie nini?

Ni mimi mama mwenye hofu,
Mama Mrefu.

JIBU

Mama Mrefu, shikamoo, nimekadiria na umenizidi. Barua yako nimeitanguliza mbele ya za wenye wivu na za wenye mawifi kwa sababu ya hiyo Ijumaa. Na sikucheka. Nilipofika pale ulipolipakata chujio mapajani niliiweka barua pembeni nikaenda kunywa maji kwanza.

Pole. Pole sana. Sasa nikuseme kidogo, na usininunie mimi kama ulivyomnunia kijana wako.

Umemdanganya mama mwenye kichanga kuhusu hewa ambayo mwanawe ataivuta. Hilo si dogo. Na marashi, mama yangu, hayasafishi kitu, yanautambulisha uchafu kwa heshima tu. Mtoto mwenye kifua chepesi umemwongezea shida ya pili juu ya ile ya kwanza.

Unaogopa kwamba ukiliosha lile vumbi unamwosha mumeo. Hebu fikiri. Fundi Soli alishika ngozi maisha yake yote, alirudi nayo kila siku kwenye shati, kwenye nywele, kwenye kucha. Unafikiri yale maji ya kahawa watoto walikuwa wanayabishania yalipata wapi rangi? Vumbi lake mwenyewe lilikuwa humo, na kila mara alilimwaga huku anacheka. Hakuweka hata kijiko cha kumbukumbu. Anayelitunza ni wewe. Alisema ni vumbi la chakula chenu, sawa, na chakula kikishaliwa sahani huoshwa.

Harufu usiihofie. Ngozi haisahau upesi. Ana kisanduku cha vifaa mahali fulani, ana aproni, ana kipande cha soli ambacho hakikumalizika. Hivyo viweke kabatini, ufungue siku ukimtaka. Kumbukumbu usiiweke mahali ambapo mtoto anavutia pumzi.

Kuhusu kazi yenyewe, una kijana anayefika karibu na dari bila kupanda kitu, na umemnunia! Mwite leo. Mwambie hutaki king'olewe kabla hakijaoshwa, na mwambie samahani kwa lile neno la kutokuhesabu kuwa mama yake, maana lilikuwa zito kuliko kiyoyozi. Yeye akae juu, wewe ubaki chini kwenye kazi unayoijua.

Mzime swichi kubwa, si rimoti tu, na utepe mbandike kama alivyofanya mzee wenu. Kitanda mkisogeze, nawe usithubutu kuweka stuli juu ya godoro, nyonga iliyovunjika haitamlea mjukuu. Machujio yatoeni nje, yapigeni kwa upole vumbi jingi litoke, ninyi mmefunga pua, kisha muyaoshe kwa maji ya kawaida na sabuni ya vyombo. Maji ya moto yatayakunja. Yakauke kivulini mpaka yasiwe na unyevu wowote, hata kama ni mpaka kesho yake. Nyuma ya machujio mtaona vibati vyembamba vimepangana kama kurasa. Hivyo vinapinda ukivitazama vibaya. Mrefu avipitie kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, asipitishe kushoto kwenda kulia. Upande wenye nyaya aufunike kwa nailoni vizuri, ndipo apulizie maji kwa chupa ya kupulizia, kidogo kidogo, yateremkie kwenye koti lenu, ambalo nakiri sijawahi kusikia mtindo kama huo na nimeshamwambia mume wangu atafute la kwetu. Dawa kali ya kufulia msitie, mvuke wake utabaki humo.

Hayo machozi ya ukutani maana yake bomba la kutolea maji limeziba. Mwageni maji kidogo kwenye kisahani cha chini cha mashine, kisha mtu atoke nje aone kama yanatiririka kule mwisho wa bomba. Yakikataa, au mkimulika kwa tochi mkaona ile feni ya ndani imeota weusi, simameni hapo. Hiyo ni kazi ya fundi, na safari hii utamwita. Hafui shati la mtu, anafungua skrubu. Akisema mashine imefika mwisho, mshukuru, na mwache Mrefu aende dukani.

Mkimaliza na kila kitu kimekauka, iwasheni ipige upepo mtupu kwa muda mrefu, madirisha wazi, bila mtoto ndani. Wewe mwenyewe uingie ulale mchana mmoja humo. Ukiamka na kichwa chepesi na chumba hakina harufu ya kitu chochote, si ukungu, si marashi, si ngozi, ujue kimekuwa chumba cha mtoto. Utalia kidogo. Lia, halafu tandika.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. La kwanza ni simu. Usimtume Mrefu akusemee, wala usingoje mpaka binti afike mlangoni na kichanga begani. Mwambie bila kuzunguka: "Mwanangu, nilikudanganya. Sikukisafisha. Nilisikia harufu ya baba yako nikashindwa." Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kukasirika, na ana haki. Anaweza pia kulia, kwa sababu mtu hasemi anakwenda kwenye baridi ya babu kama anatafuta baridi peke yake. Naye ameondokewa na baba, mama yangu, na wewe ndiye mtu pekee anayeijua ile harufu kama anavyoijua yeye. Akisema, "Basi nisije Ijumaa, nije mtakapokuwa tayari," mkubalie hapo hapo na usimbembeleze.

Piga sasa hivi. Gazeti utalimalizia baadaye.