Boksi la Midoli

Jumatatu, 11 Desemba
Darrell hasikii la mtu. Tangu nyumba ya jirani ivunjwe na wezi mwezi uliopita, hii bastola imekuwa mtoto wetu wa pili. Sefu la kuifungia limeisha betri, sasa ameiweka kwenye boksi la viatu juu ya kabati la chumbani. Na risasi ndani! Nikamkumbusha kwamba mwanetu Wyatt ana miaka sita, anapanda kila kitu.
"Hafiki kule, mke wangu. Mwizi hangoji mtu atafute betri."
Nilinunua betri mwenyewe. Si saizi yake. Ovyo kabisa.

Jumatano, 13 Desemba
Nimekuta kiti cha jikoni mbele ya kabati letu. Wyatt anasema alikuwa anatafuta zawadi zake za Krismasi – na kweli nilizificha humo humo, mjinga mimi! Umeona nini, mwanangu? Viatu vya Baba tu, kasema. Hakunitazama.
Mezani tukagombana tena, mbele yake. Nikapiga kelele: nataka hilo dude litoke kwenye nyumba hii! Darrell akaondoka na sahani yake. Nililia kwenye viazi.
Wyatt akauliza, "Likitoka hutalia tena?"
Nikamwambia sitalia.

Jumapili, 17 Desemba
Tumepeleka kanisani boksi la midoli, la watoto wasio na kitu. Wyatt kalipakia peke yake, kamaliza selotepu roli nzima, msaada hataki! Nimelibeba mimi. Zito! Nikamtania mchungaji kwamba mwanangu katoa vigari vyake vyote. Akina mama wakalifunga karatasi nyekundu kama mengine.
Njiani kaniuliza mara mbili kama nina furaha. Ninayo. Darrell naye kaahidi kuleta betri ya kweli. Siku nzuri, baada ya nyingi mbaya.

Jumanne, 19 Desemba
Wyatt ana mafua, hakwenda shule. Darrell kaja na betri saa nne, kapanda kuichukua bastola. Boksi la viatu tupu.
"Umeipeleka wapi?"
"Mimi?!"
Tukatazamana. Halafu tukamtazama Wyatt.
"Nimeitoa, Mama. Kama ulivyosema. Iko na midoli."
Mungu wangu. Niliibeba kwa mikono yangu hii.
Bi Lorraine wa ofisi ya kanisa anasema waligawa yote jana. Nyumba thelathini na nane, maboksi hayana majina. Hana simu za wote. Na watoto hawangoji Krismasi, mama, unawajua – hapo kaelewa alichosema.
Polisi wameanzia mwisho wa orodha, sisi mwanzo. Anwani nimeziandika humu, karatasi nyingine sikuiona. Nazikata moja moja kwa kalamu.
Ya kwanza – si yenyewe. Wamenitazama kama kichaa. Sawa, mimi kichaa.
Ya pili – vitabu. Asante Mungu. Hapana, asante ya nini? Bado iko kwa mtu.
Ya tatu – hawajafungua. Nimelichana mwenyewe, mtoto wao akalia. Mwanasesere.
Ya nne. Hawafungui. Gari lipo. Baiskeli ndogo barazani, theluji juu yake. Dirishani naona mti wa Krismasi, na karatasi nyekundu imechanwa sakafuni. Darrell anagonga. Anaita. Sasa anagonga kwa ngumi zote mbili.
Wyatt yuko kiti cha nyuma. Anauliza mbona ninalia, na dude limeshatoka.