Mama Anaanika Mchele

Kaka Erasto, shikamoo.

Hapa Katonga dagaa wameanza kupatikana tena, na Elia wangu ameota meno.

Mama tumempeleka hospitali. Kumbe ni umri wa kukoma hedhi: homoni zimepungua, joto linamnyima usingizi, ndiyo maana anasahau na kufoka. Daktari alipomwuliza siku hizi anashinda wapi, Mama akanitazama. Nikainamisha kichwa. Mvua ilipolowesha dagaa aliosahau kuwaanua, mimi ndiye niliyemfukuza mwaloni, huko ufukweni tunakoanika dagaa, mbele ya wenzake, nikisema kichwa chake kimeharibika.

Jana nilimkuta uani ameanika mchele wetu wa kula, anaugeuza kama dagaa. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa nimekosea?"

Njoo umrudishe mwaloni, Kaka. Mimi namwonea haya.

Mdogo wako,
Frida