Maua ya Maman

Uccle, Bruxelles

Mudogo wangu Mwilambwe,

Huku ni mvua tu, lakini mimi ni mzima. Papa Lucien, muzee ninayemwogesha kila asubuhi, zamani alitafuta shaba huko kwetu Kolwezi. Jana nikamuonyesha ile picha ya Maman uani, kati ya maua yake mapya ya zambarau. Alors, akaacha kula. Akasema ua lile halipandwi na muntu, linaota lenyewe penye udongo wa shaba, na wao walilifuata ili kujua pa kuchimba.

Mwilambwe, yang'oe yote leo, kabla wachimbaji hawajayaona. Mwambie Maman yameliwa na mbuzi. Unakumbuka sebule ya mjomba wetu Tonton Ilunga ilivyozama na watoto ndani. Naye alisema anachimba shaba kidogo tu chini ya nyumba.

Bon, nilitaka kufunga hapa, lakini nimeikuza ile picha. Nyuma ya Maman kuna rundo la udongo mbichi, na sapatu zako ziko kando yake. Wewe mwenyewe sikuoni.

Mudogo wangu, nakuomba, niambie unachimba choo.

Dada yako,
Godelive