Upande Wangu wa Bakuli

Kaolack, Jumatatu

Dada Yande,

Shikamoo. Niwie radhi, barua yako imelala chini ya godoro miezi minne bila jibu. Si dharau, dada. Mkono mmoja una mtoto, wa pili uko jikoni. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Birane ana meno sita, na anayajaribia kwangu.

Kuna jambo nilikuficha. Nilipojifungua, sukari iliyonipanda nikiwa mjamzito haikushuka. Zahanati walinipima tena na tena, wakasema ni kisukari, kile cha watu wazima. Nesi akanipa vidonge na kunichorea sahani: nusu mboga, robo samaki, robo wali usiozidi ngumi yangu. Nyumba hii tunakula wanane bakuli moja; sahani naitoa wapi?

Siku niliyojipakulia pembeni, mama mkwe aliuliza kama wao wana upele, au kwetu tumelelewa na paka. Mawifi wakacheka. Nikarudi bakulini. Naye, kwa kuwa nanyonyesha, kila tonge nono alilisukuma upande wangu: kula mwanangu, maziwa hayatoki kwenye upepo. Nikala, hadi macho yakaingia ukungu. Nesi akasema nikiendelea hivyo, Birane atalelewa na wengine.

Utauliza kwa nini sikusema naumwa. Nilishamsikia mama mkwe akisema kuhusu mke wa jirani kwamba mgonjwa arudishwe kwao, akauguzwe na mama yake. Mimi mama sina.

Basi nikamwambia kwamba ukoo wa mama yetu una mwiko: mwenye kunyonyesha hali wali mpaka mtoto atembee. Mwiko hapa haubishiwi. Siku hiyohiyo akanipikia zile punje ndogo za fonio ulizoleta kwenye arobaini ya mtoto. Nesi alinionya kwamba fonio nayo ni wanga, nikaipima ngumi moja, na kona yangu ya bakuli ikajaa kabichi na bilinganya. Miezi mitano, dada. Sukari ikashuka, macho yakarudi.

Ijumaa Birane akatembea. Hatua nne! Wote walishangilia, mimi nikalia, wakadhani ni furaha. Mama mkwe akapika wali wa samaki wa sherehe, akafinyanga tonge, akalileta mdomoni mwangu kwa mkono wake, akisema haya, mwiko umekwisha. Nikafunga mdomo. Kisha nikasema yote, mbele ya wote.

Mama mkwe akaushusha mkono wenye tonge. Akauliza kama nimemsingizia marehemu mama yangu. Nikasema ndiyo. Akasema msamaha wa hilo hana yeye, unao wewe. Lile tonge akalila mwenyewe, akakwangua wali wa upande wangu, akanisogezea kabichi. Akasema: haya kula, hata mwongo ana tumbo.

Nisamehe, dada. Na lingine: nilimweleza nesi jinsi mguu wa mama ulivyooza hadi ukakatwa. Alisema inaelekea ni sukari hiihii, si kulogwa. Wewe ni mwanawe kama mimi.

Wabusu watoto, msalimu shemeji. Mama mkwe anakusalimu, ingawa amenuna.

Mdogo wako,
Ndella

Ninavyohitaji:
Fonio kilo kumi, iliyooshwa mchanga vizuri.
Majani makavu ya mlonge, mfuko mmoja.
Msamaha wako kwa maandishi; mama mkwe anataka asomewe.
Karatasi ya kipimo chako cha sukari. Nenda asubuhi, kabla hujanywa chai.