Bi Zuhura wa Majengo

Jumatano, mtaani Jericho

Tangu nilipokuwa nikifundisha hadithi za ngano chuo kikuu nimeficha jambo moja: maelezo ya maana ya hadithi hizo, yaliyonipa sifa, hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Bi Zuhura, msimulizi wa mtaa wa Majengo.

Leo amekuja Wanjiru, mwanafunzi wangu wa zamani. Anataka kuchapisha hadithi za bibi huyo kwa watoto.

"Mwalimu, ulituambia alishafariki. Sasa ruhusa nimwombe nani?"

Nikasingizia kifua.

"Kifua chako nacho huuma ukiulizwa swali tu!" akacheka.

Sina siku nyingi. Kesho nitampigia Wanjiru simu nimwambie ukweli. Bi Zuhura alikuwa hai niliposema amefariki. Nilimzika kwa maneno ili wanafunzi wasimsikie akieleza yale niliyoyaita yangu. Aliishi miaka tisa zaidi, na kila nilipomtembelea aliniuliza, "Mwanangu, wanafunzi wako utawaleta lini?"