Dawa ya Jumanne

Jumanne, 7 Oktoba 2014
Leo zamu yetu ya bomba la kupigia dawa. Linazunguka nyumba za bondeni, sisi tunalipata Jumanne tu. Nimechanganya dawa ya nyanya bomba zima, mama mkwe anataka nipige mpaka tuta la mwisho. La pili sijamaliza — mvua! Nikataka kumwaga iliyobaki. Akasema kwake hakimwagwi kitu, itapigwa Jumanne ijayo. Nikaimimina kwenye dumu.

Nyanya hizi ndizo zitanitoa hapa. Mume wangu Nurudini aliniahidi: zikitoka vizuri, tunapanga chumba mjini Kasulu, sisi wawili. Zisipotoka, nabaki na mama yake mwaka mwingine. Sitauweza.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimepita kwa Hilali, muuza pembejeo. Dawa ikishaingia maji imalize siku hiyohiyo, anasema. Ikilala wiki utakuwa unamwagilia tu.

Nimemweleza mama mkwe kwa upole, nimepiga na magoti. Akafungua dumu, akanusa.

"Mwanangu, hii inatoa machozi. Hilali anauza, angekwambia nini?"

"Ego, mama," nikakubali.

Chupa yenyewe ya dawa iko sandukuni kwake. Ufunguo kaufunga pindo la kanga, analala nao.

Jumapili, 12 Oktoba
Funza wameingia. Nimechuma zilizotobolewa, nikazifukia nyuma ya choo asizione. Ujinga mtupu, kesho zitatobolewa nyingine.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimepiga dawa ya dumu. Bomba mgongoni, kwenda na kurudi, huku najua. Mama mkwe kasimama pembeni akinisifu kwa jirani yetu Winnie, eti mkamwana wake siku hizi anasikia. Afadhali angenitukana. Nusu kaniambia niibakize.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nurudini amekuja kutoka kazini Kibondo. Hata maji hajanywa, kashuka shambani. Tobo juu ya tobo. Mama yake akamwambia mkeo hana mkono wa shamba.

Nikasema. Mara ya kwanza mbele ya mama yake. Dawa imelala wiki nzima kwenye dumu, haina nguvu tena, chupa yenyewe imefungiwa sandukuni. Nilisema mpaka nikamaliza.

Nurudini akaenda kwenye dumu. Akafungua, akainama. Nikaomba Mungu.

"Mbona inanuka vizuri tu?"

Mama mkwe alikuwa ameshika pindo la kanga.

Sasa hivi niko chumbani, nimesema nabadilisha nguo. Nurudini kaazima bomba kwa kina Winnie. Namsikia uani anamimina — ni lile dumu. Hasira zake zimekwisha, hata anacheka na mama yake. Chumba cha mjini hajakitaja.

Ananiita. Anasema nitoke, anionyeshe dawa inavyopigwa.